Kanyaga, Mama: Sekunde Arubaini na Moja

Wiki iliyopita kidole cha Mzee Vuai tulikiacha juu ya kitufe cha rangi ya chungwa, na yeye mwenyewe hakujua ni kitufe cha nini. Simu ilikuwa ya marehemu mkewe. Ilikaa miezi minane juu ya kabati la jikoni, hapo hapo Barking, London, ndani ya mfuko wa plastiki wa polisi. Aliitia chaji kwa sababu moja tu, alitaka kuiona picha ya mkewe kabla hajatia sahihi.

Akabonyeza. Simu ikasema.

"Usiogope. Kanyaga, mama, kanyaga. Usitazame tairi, tazama unakokwenda. Nipo nyuma yako."

Sauti ya Mwanabaraka. Na kile kikwaruzo chake cha asubuhi kimo.

Vuai alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Mtu aliyesugua mabasi gerejini kwa miaka ishirini na mbili hapigi ukelele ovyo. Alisimama tu, maji ya bomba yakamwagika mpaka yakamrowesha mkono wa kanzu.

"Una mgeni, Mzee Vuai?" Sauti ya mwanamme ilitoka sebuleni.

"Redio," Vuai alijibu.

Aliyeuliza ni Hussam, mwenyekiti wa jumuiya yao, mtu wa kanzu iliyonyooka na kalamu mfukoni. Tangu walipotoka Ijumaa alikuwa sebuleni, chai ya tangawizi mbele yake, na karatasi moja ya kutiwa sahihi mezani.

"Basi kwa hisani yako, njoo tulimalize hili," Hussam alisema. "Nina mtu ananisubiri garini."

Kwa hisani yako. Hussam hafungui kikao wala hafungi dua bila maneno hayo. Mazishini aliyasema, na kwenye hitima akayasema tena. Vuai skuli yake iliishia darasa la nne, kule Wete, Pemba, na binti yake barua hizo hataki hata kuzishika, kwa hivyo barua zote za Kiingereza za mwaka huu Hussam ndiye aliyemsomea. Ya polisi. Ya kaunsili, halmashauri ya mtaa. Na hii ya leo, ya hakimu anayechunguza vifo.

Barua yenyewe, kwa ulimi wa Hussam, ilisema hivi. Mwanabaraka hakusimama kwenye taa za barabarani. Alikuja mbio kutoka nyuma na baiskeli yake, akajipenyeza kushoto kwa lori lililokwishaanza kukata kona. Dereva, aliyekuwa peke yake ndani ya lori, hakumwona. Familia ikikubali, hakimu atasoma karatasi peke yake na jalada lifungwe. Hapatakuwa na shahidi, wala dereva hataulizwa swali. Familia ikikataa, iseme kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo. Na ikinyamaza, imekubali.

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyoandika. Masikini akinyamaza amekubali, wao wakinyamaza wako kwenye mkutano.

Neno moja tu lilikuwa likimla Vuai: hakusimama. Mwanabaraka alikuwa akikagua breki mara tatu kabla ya kutoka mlangoni. Na aliyemshtaki ni simu yake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na apu ya kuwafundisha watu baiskeli, inayoandika mwendo wa safari yote, na polisi walipoutazama mstari wake hawakuona pahala popote aliposimama.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Aliingia Miska, binti yao wa pekee, miaka ishirini na saba, miguu mitupu, uso umemshuka rangi.

"Baba, umeiwasha ya nini?"

Miska amezaliwa London. Tangu ana miaka mitano huulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Leo alianza na Kiswahili, na hilo peke yake lilimtia baba yake wasiwasi.

"Funga mlango," Vuai alisema. "Mama yako yumo humu?"

"Ni rekodi tu, Baba. Yeye ndiye sauti ya Kanyaga."

Kanyaga ndiyo ile apu. Miska ndiye aliyeibuni, kazini kwake, kwa ajili ya kina mama wasiowahi kukalia baiskeli. Vuai alijua hilo. Asilolijua ni kwamba mkewe alikuwa akisema humo ndani.

"Tulirekodi chumbani kwangu," Miska alisema. "Tulijifunika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie. Alicheka siku nzima. Niliogopa kukwambia. Nilifikiri utasema sauti ya mke wa mtu inauzwa."

"Na maneno hayo nani aliyempa?"

"Mimi nilimwandikia mengine. Akayakataa. Akasema haya ndiyo yaliyomtoa yeye hofu."

Vuai akageukia dirishani.

Alijua yalikotoka. Miaka miwili nyuma kampuni iliyomwajiri Mwanabaraka kuwahudumia wazee majumbani ilimpa robo saa kwa kila mzee, na njia ya kutoka kwa mzee mmoja hadi mwengine haikuhesabiwa. Basi likichelewa, kosa ni lake. Wakubwa waliopanga ratiba ile hawajawahi kupanda basi. Ndipo akasema, Baba Miska, nifundishe baiskeli. Miaka hamsini kamili, baibui limefungwa pini, katikati ya bustani ya Barking, watoto wa Kizungu wanatazama.

Vuai alikimbia nyuma yake, ameshika tandiko. "Usitazame tairi, mama. Tazama unakokwenda. Nipo nyuma yako." Mzunguko mzima wa bwawa. Halafu akamwachia, bila kumwambia, akasimama kuvuta pumzi, na Mwanabaraka akaenda zake peke yake kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Umeniachia lini?" aliuliza aliporudi.

"Zamani."

"Mwongo mkubwa wewe." Na akacheka mpaka akakaa kwenye majani.

Kwa hivyo maneno yaliyokuwa yakitoka ndani ya simu yalikuwa ya Vuai mwenyewe. Aliyamwaga bustanini, mkewe akayaokota, akayaweka.

"Nionyeshe huo mstari," Vuai alisema.

"Mstari gani?"

"Usinifanye mtoto, Miska. Mstari uliomzika mama yako. Mie Kiingereza sijui, lakini macho ninayo."

Miska alichukua simu. Nambari ya siri aliijua, mwaka wake wa kuzaliwa. Akafungua, akaionyesha. Mstari wa buluu wa mwendo ulipanda na kushuka, laini, kutoka nyumbani kwao hadi kwenye zile taa, ukakatika hapo.

"Haushuki chini kabisa," Vuai alisema. "Popote."

Miska aliilaza simu juu ya meza.

"Miska."

"Baba, mstari huu si wa kweli."

Sebuleni, kijiko kiligonga kikombe.

"Sema tena," Vuai alisema.

"Apu ikiona baiskeli imesimama, inaacha kuhesabu. Ukianza tena, inaunga pale ilipokatika. Kwenye picha unaonekana hujasimama hata mara moja. Kila anayeitumia Kanyaga yuko hivyo. Hakuna mtu anayesimama kwenye Kanyaga."

Vuai alilifikiria. "Kama fundi aliyekata kipande cha kitambaa akaunga, mshono usionekane."

"Ndiyo."

"Na fundi nani?"

Miska alivuta kiti, akakaa. "Ni mimi."

Msomaji, mwanamme huyu alikuwa na orodha ya maadui. Dereva. Kampuni ya lori. Kaunsili, waliopelekewa barua tatu na wakaazi kuhusu njia panda ile, wakaja kupaka rangi ya kijani wiki mbili baada ya maziko. Kila usiku aliwasomea majina yao kama uradi. Orodha hiyo haikuwa na jina la mwanawe.

"Polisi wanajua?"

"Usiku ule waliniomba safari ya Mama. Niliwatolea karatasi, nikawapa kwa mkono wangu. Nilikuwa nalia, sikufikiri. Mwezi mzima ukapita ndipo nikakumbuka. Nikamwambia bosi wangu, Keyur. Akasema apu inakaribia kuuzwa, wanunuzi wakisikia kwamba inaficha kitu katika kesi ya kifo tumekwisha. Akasema nisubiri."

"Ukasubiri."

"Baba."

"Miezi minane nakula na wewe meza moja. Watu wananiambia mkeo alijipenyeza, mkeo alikuwa na pupa, na wewe unanipakulia wali. Mama yako umemzika mara mbili, Miska. Mara ya kwanza walikusaidia watu. Ya pili umemzika peke yako."

Alilisema kwa sauti ndogo, na kwa hiyo liliuma zaidi.

Miska akageukia Kiingereza, maneno mengi, ya haraka, ambayo Vuai hakuyapata. Halafu akajisimamisha mwenyewe. Akaanza upya, polepole, kwa lugha ya mama yake.

"Ni yeye aliyeniomba."

"Nani?"

"Mama. Kanyaga ya mwanzo ilikuwa ikihesabu kila kitu. Kina mama sita ndio walionijaribia. Wengine walitoka hapa mpaka bustanini kwa dakika kumi. Mama, dakika hamsini na tano. Apu ikampa picha ya kobe. Hiyo picha ya kobe Keyur ndiye aliyeitaka, alidhani inachekesha."

Vuai alihisi midomo yake inataka kucheka, akaizuia.

"Alisimama mara tisa," Miska alisema. "Nikamuuliza, Mama, mara tisa za nini? Akasema kwa Champa dukani. Kwa yule mzee wa Kisomali. Kwa mwalimu wangu wa zamani. Nikamwambia apungie mkono apite. Alinitazama kama nimetukana. Akasema, 'Nimpite Champa mlangoni kwake nisimwamkie, kisa simu inanihesabia? Hiyo simu imelelewa na nani?'"

Ndivyo alivyokuwa. Champa, Mhindi wa Tanga mwenye duka la viungo pale kona, alizoea kumtania, "Mama Miska, salamu zako ndefu kuliko foleni ya posta, utawakuta wazee wako wamelala." Na Mwanabaraka akimjibu, "Wakilala nitawaamkia wakiamka." Kwao Pemba kumpita mtu bila kumuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mguu wake ni kumwambia kwamba amekufa.

"Kwa hivyo nikakaa usiku mbili nikaibadilisha," Miska alisema. "Isihesabu kusimama. Nikajiambia, hawa si watu wa mashindano, hawa ni kina mama, wana watu wao njiani. Asubuhi yake Mama akapata nyota. Nyota yake ya kwanza. Alimwonyesha Champa, akamwonyesha dereva wa basi."

"Alinionyesha na mie," Vuai alisema.

"Sikuwa nikificha kosa lake, Baba. Nilikuwa nikificha salamu zake."

Vuai alilifunga bomba. Alitaka mtu wa kumchukia, na aliyepatikana alikuwa amekaa mbele yake na macho ya Mwanabaraka.

"Mzee Vuai," Hussam aliita. "Kwa hisani yako. Saa kumi na robo."

"Nakuja."

"Nikuletee karatasi huko huko?"

"Nimesema nakuja, Mwenyekiti. Nywa chai."

Alimsogelea mwanawe. "Hicho kipande kilichokatwa. Fundi alikitupa?"

Miska alitikisa kichwa. "Kimo humu humu ndani ya simu. Hakijafutwa, kimefichwa. Ndiyo maana kila nikiuona ule mfuko juu ya kabati nilikuwa sipiki."

"Umeshakitazama?"

"Hapana."

"Miezi minane?"

"Ningekuta hakusimama, ningefanya nini? Na ningekuta alisimama, ningekwambia nini?"

Vuai alikumbuka kitu. Mara mbili Hussam alikuwa ameiulizia simu hii. Baada ya arubaini alisema, vitu vya marehemu havikai ndani, vitolewe sadaka, zile nguo wapewe wanawake, na hiyo simu nipe mie nitampelekea maskini mmoja namjua. Mwezi uliopita akarudia. Nguo Vuai alizitoa, viatu pia. Simu mkono ulikataa. Alidhani ni huzuni tu.

"Fungua," alisema.

Miska aliweka kidole juu ya mstari wa buluu, akakishikilia pale. Mstari ukatawanyika. Zikajitokeza alama nyekundu, kila moja pahala pake: nje ya duka la Champa, dakika nne. Kwenye kona ya msikiti, dakika mbili na nusu. Nje ya shule ya zamani ya Miska, dakika tatu. Asubuhi nzima ya mwisho ya Mwanabaraka ilikuwa imetandazwa kwenye kioo, salamu baada ya salamu.

Na ya mwisho ilikuwa kwenye zile taa, juu kabisa ya mstari mweupe wa barabarani, pale magari yanaposimama.

"Soma," Vuai alisema.

"Mwendo, sifuri. Muda, sekunde arubaini na moja."

"Maana yake?"

"Alisimama, Baba. Alisimama akangojea. Hakuja mbio, hakujipenyeza. Alikuwa pale mbele, sekunde arubaini na moja, kabla ya chochote."

Vuai alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friji, mikono juu ya magoti. Na hapo, siku ya mia mbili na arubaini na kitu, alilia. Kaburini hakulia. Siku ya hitima aligawa sahani. Sasa alilia kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa kusimama, kama alivyomjua, na waliosema hakusimama walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka vya ofisini.

Miska alishuka akakaa naye. Alimshika mkono uliorowa.

"Andika," Vuai alisema baadaye. "Hiyo barua ya kukataa. Andika sasa hivi."

"Nikiandika nitasema apu inaficha. Keyur atanifukuza."

"Unataka asikufukuze?"

Miska alifuta uso kwa kiganja. "Hapana," alisema, akaivuta laptopu iliyokuwa mezani.

Aliandika kwa kasi. Vuai alimsikiliza akisoma kwa Kiswahili kila sentensi aliyoiweka kwa Kiingereza. Sisi familia hatukubali. Tuna ushahidi mpya. Tunaomba isikilizwe hadharani, dereva aulizwe.

"Aulizwe ni neno dogo," Vuai alisema. "Weka asimamishwe mbele ya hakimu."

"Kwa Kiingereza ni sawa, Baba."

"Basi weka mara mbili."

Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Kidole cha Miska kilikwenda kwenye kitufe cha kutuma, kikasimama njiani.

"Kuna kitu kingine," alisema. "Nimekisahau. Kina mama hawakupenda kuniandikia matatizo ya apu. Kila nikiwapa fomu wananirudishia imefungiwa mandazi. Kwa hivyo niliwawekea sikio. Wakisimama, simu inarekodi, waseme kinachowasumbua. Wakianza kwenda, inajifunga."

"Kwa hivyo zile sekunde..."

"Zina sauti."

Walitazamana. Alama nyekundu ya mwisho ilikuwa na picha ndogo ya sikio pembeni. Vuai ndiye aliyeigusa.

Kwanza barabara. Breki za basi. Halafu Mwanabaraka, karibu kabisa, kama mtu anayenong'ona kwenye mto wa kulalia.

"Miska mwanangu, tandiko hili linaniua. Waambie wakubwa zako watengeneze tandiko la mwanamke aliyezaa. Na mwambie baba yako muhogo nimeuacha kwenye maji. Asiuache ukalala."

Vuai alifumba macho. Muhogo ulilala. Ulilala siku tatu, mpaka wanawake waliokuja matangani wakaukuta umechachuka, wakaumwaga.

Ndani ya simu, mngurumo mzito ulisogea ukasimama ubavuni. Injini kubwa. Mwanabaraka akaguna, kisha sauti yake ikapanda, ile ya salamu, ile waliyoijua watu wote wa mtaa.

"Aa. Assalaam alaykum. Na weye huko juu kama sultani?"

Mwanamme akacheka, kutoka juu. "Waalaykum salaam, Mama Miska. Kazini?"

"Kazini, baba. Hamjambo nyinyi? Watoto? Na mguu wa mama umepoa?"

"Umepoa, alhamdulillah."

"Haya. Nitangulie au mtatangulia?"

"Tangulia wewe, kwa hisani yako. Tumekuona."

Pedali ikalia. Na kabla sikio halijajifunga, apu ilimwambia mwenye sauti yake kwa sauti yake mwenyewe: "Kanyaga, mama, kanyaga. Nipo nyuma yako."

Basi. Ikakatika.

Miska alikuwa amejifunika mdomo. Jina hakulitaja, wala Vuai hakulitaja. Maneno yale matatu waliyasikia mazishini, wakayasikia kwenye hitima, na wameyasikia mara mbili alasiri hii hii kutoka sebuleni.

Vuai aligundua kwamba kijiko hakigongi tena.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Hussam alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi, na kwa uso wake ilikuwa wazi kwamba hakufika sasa hivi.

"Izime hiyo simu, Miska," alisema.

Vuai aliinuka kutoka sakafuni, goti moja kisha la pili. "Mwenyekiti. Barua ya hakimu uliyonisomea ilisema dereva alikuwa peke yake."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na wewe ulinisomea. Ulikaa kwenye kochi langu ukanisomea, sauti haikukatika."

"Mzee Vuai, mimi sikuwa kwenye usukani. Wallahi sikuwa."

"Ulimwambia tangulia. Ulimwambia tumekuona."

"Mimi nilimwona." Chai ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo kwenye kanzu yake nyeupe, hakuihisi. "Mimi nilimwona, kaka. Mwenzangu alikuwa akitazama simu yake."

Vuai hakumpiga. Miaka yote aliyokuwa akiwaza siku ya kumkabili mkubwa mmoja uso kwa uso, aliwaza atapiga. Alimtazama mwanawe tu.

"Peleka," alisema.

"Ngoja," Hussam alisema. "Kwa hisani..."

"Usilimalize hilo neno ndani ya nyumba yake."

Miska alibonyeza. Laptopu ikatoa mlio mdogo, kama tone la maji. Saa kumi na dakika hamsini na moja.

"Imekwenda?" Hussam aliuliza.

"Imekwenda."

Mwenyekiti aliweka kikombe kwenye sinki kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kilichobaki duniani cha kutovunja ni hicho kikombe. Halafu akaegemea ukuta.

"Basi amekwisha na yeye," alisema. "Jina lililoandikwa polisi si lake, Mzee Vuai. Jina lile nililitoa mimi. Aliyekuwa akiendesha hana hata leseni ya lori."

"Ni nani?"

Hussam alifungua mdomo. Na hapo kengele ya mlango wa nje ikalia, mara moja, fupi, kama ya mtu aliyechoka kusubiri garini.

Rangi ilimtoka Hussam usoni. Akamshika Vuai mkono, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi.

"Usifungue. Ndiye."

Vuai aliutoa mkono wake, taratibu. Akaichukua simu ya mkewe. Alipita jikoni, akapita sebuleni, akaipita karatasi iliyolala mezani na kalamu juu yake, akaushika ujia kuelekea mlangoni. Na simu, ilipohisi kwamba mwenye kuibeba ameanza kwenda, ikawaka mkononi mwake.

"Usiogope," ilisema. "Nipo nyuma yako."